Mfanyabiashara wa Kariakoo na Wagombea Urais

Swali: Nauza vitenge Mtaa wa Kongo. Nachukia israfu ya serikali na madeni, ila katika mambo ya dini na mila sipendi ukali. Nimpime vipi mgombea urais?

Jibu: Isome ilani ukitafuta, nyuma ya kila ahadi, fedha itakayoilipia; kwani mwenye kuahidi zahanati, barabara na nafuu ya kodi kwa pamoja, pasipo kutaja matumizi atakayoyapunguza, amekwisha kukukopea bila idhini yako. Wala usidhani Rais pekee ndiye mwenye amri juu ya kodi, maana ibara ya 138 ya Katiba imekataza kodi kutozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Basi mbunge naye mpime vivyo hivyo. Mlipofunga maduka Mei 2023 kwa ajili ya kamatakamata na usajili wa stoo, Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alikuja Mnazi Mmoja kuwasikiliza: muulize mgombea yeye angaliondoa lipi kati ya hayo. Kuhusu dini, sikiliza awatajavyo wasio wa madhehebu yake, jambo ambalo kwangu ni zito kuliko ilani nzima. Tena, kwa ibara ya 41, mshindi ni mwenye kura nyingi kuliko kila mwenzake, hivyo usiiweke kura yako akiba kwa duru ya pili isiyokuwapo.