Sukari Iliyozidi na Maumivu ya Mishipa ya Fahamu

Wagonjwa wa kisukari hulieleza jambo hili kwa maneno mengi: nyayo zinawaka moto, vidole vinachomwa sindano, sisimizi wanatembea chini ya ngozi, shuka likigusa mguu linauma. Maumivu huzidi usiku. Baadhi ya wagonjwa huchelewa kufika kliniki kwa kudhani kuwa ni uzee, baridi yabisi au mkono wa mtu. Wengine hununua diklofenaki dukani mwezi baada ya mwezi. Nafuu hawaipati, na figo ambazo tayari zimo hatarini huongezewa mzigo.

Chanzo chake kimo katika namna seli za mishipa ya fahamu zinavyopokea sukari. Msuli huhitaji insulini ili uingize sukari ya kutosha. Seli ya mshipa wa fahamu haingoji insulini: kadiri sukari inavyopanda katika damu, ndivyo inavyopanda ndani ya seli hiyo. Kwa hiyo katika mwili uleule misuli huweza kuwa na njaa ilhali mishipa ya fahamu imevimbiwa.

Seli haiwezi kuitumia sukari hiyo yote kuzalisha nguvu. Sehemu yake hugeuzwa na kimeng'enya kuwa sorbitoli, ambayo haitoki kwa urahisi. Madhara makubwa zaidi yako katika gharama ya ugeuzaji huo, kwani hutumia akiba ileile ya kikemia ambayo seli huitegemea kujikinga na mabaki makali ya oksijeni. Kinga ikipungua, sehemu za seli zinazozalisha nguvu huanza kuharibika. Sukari nyingine hujibandika kwenye protini, kama inavyojibandika kwenye himoglobini (ndiyo maana kipimo cha HbA1c huonyesha hali ya miezi 2 hadi 3 iliyopita), na protini hizo hupoteza utendaji wake. Vijishipa vya damu vinavyoulisha mshipa wa fahamu navyo hunenepa kuta, na oksijeni hupungua.

Madhara huanzia vidoleni mwa miguu kwa sababu ya urefu. Nyuzi za fahamu zinazofika huko zinakaribia mita 1, na mahitaji yake mengi husafirishwa kutoka kwenye kiini cha seli kilicho karibu na uti wa mgongo. Ncha za mbali ndizo za kwanza kukosa. Ganzi ikipanda hadi karibu na magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Mhudumu akikuta maumivu ya mguu mmoja tu, au yaliyoanzia mikononi, hana budi kutafuta sababu nyingine.

Lakini mshipa unaokufa unaumaje? Nyuzi nyembamba zinazobeba hisia za maumivu na joto zikijeruhiwa hazinyamazi mara moja; hutoa ishara zenyewe bila kuguswa na chochote, na uti wa mgongo huzoea kuzikuza ishara hizo. Hapa pana mtego. Maumivu yakitoweka yenyewe huku sukari ikiendelea kuwa juu, mara nyingi mgonjwa hushukuru kwamba amepona, kumbe nyuzi zimekufa. Mguu huo ndio utakaokanyaga msumari au kaa la moto, au kuchovywa katika maji ya moto, bila mwenyewe kujua.

Kudhibiti sukari husaidia, ila si kwa kiwango kimoja kwa wote. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada, ukatangaza matokeo yake mwaka 1993, uliwafuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Udhibiti makini ulipunguza madhara ya mishipa ya fahamu kwa takriban asilimia 60. Katika aina ya pili faida ni ndogo zaidi, kwa kuwa unene, mafuta katika damu, shinikizo la damu na sigara navyo huchangia.

Kuna pia jambo ambalo wagonjwa wachache huelezwa mapema. Sukari iliyokaa juu kwa muda mrefu ikishushwa ghafla, hasa HbA1c ikishuka kwa zaidi ya pointi 2 za asilimia ndani ya miezi 3, maumivu makali huweza kuzuka katika wiki chache. Mgonjwa huilaumu insulini na kuiacha. Asiiache, arudi kliniki, kwani mara nyingi maumivu hayo hupungua kadiri miezi inavyopita.

Si kila ganzi ya mgonjwa wa kisukari imeletwa na sukari. Metformini ikitumiwa kwa miaka huweza kupunguza vitamini B12. Isoniazidi ya kifua kikuu hudhuru mishipa ya fahamu isipoambatana na piridoksini. Pombe, VVU, ukoma na figo kushindwa kazi havina budi kuulizwa au kupimwa.

Kwa maumivu yenyewe, amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, duloksetini, pregabalini na gabapentini ndizo dawa zinazotumika, kila moja ikichaguliwa kwa kuangalia moyo, figo na umri wa mgonjwa. Hutuliza maumivu bila kuponya mshipa.

Zahanati isiyo na kifaa chochote bado inaweza kupima hisia za miguu. Mgonjwa afumbe macho. Mhudumu aguse kwa wepesi, kwa ncha ya kidole chake na kwa sekunde 1 hadi 2, kidole gumba, cha kati na kidogo cha kila mguu, bila kubonyeza wala kugonga. Asipohisi mguso katika vidole 2 au zaidi kati ya 6, miguu yake imo hatarini: iandikwe hivyo kwenye kadi yake, na ikaguliwe kila anapohudhuria, hata kama hakuja kwa sababu ya miguu.