Kadi Yasema Umepona, Kazi Huiwezi: Haki za Mgonjwa wa Muda Mrefu

Kuna wagonjwa wanaoteswa na mambo mawili kwa pamoja: ugonjwa wenyewe, na kutoaminika kwamba wao ni wagonjwa. Wakisema kazi imewashinda, huitwa wavivu. Wakienda ofisini kuomba msaada, huulizwa karatasi. Karatasi ikitolewa, huambiwa haitoshi. Leo tutaeleza namna mtu aliyeugua kwa muda mrefu anavyoweza kutambuliwa na daktari, kisha na mwajiri, na mwishowe na Serikali, ili apate anachostahili.

Tuchukue mfano wa watu watatu wa Kaunti ya Turkana. Wa kwanza ni mwalimu mjini Lodwar. Wa pili ni mlinzi wa duka mjini Kakuma. Wa tatu ni mfugaji wa Lokiriama, huko Loima karibu na mpaka wa Uganda. Wote waliugua kifua kikuu, wakameza dawa kwa miezi sita bila kukosa, na makohozi yao yalipopimwa hayakuwa tena na viini. Kadi zao ziliandikwa: "Amepona." Mwaka mmoja baadaye, mwalimu hawezi kumaliza kipindi bila kuketi. Mlinzi hawezi kuzunguka ua usiku. Mfugaji hawezi kushuka kisimani kwenye laga na kupokezana ndoo na wenzake ili mbuzi na ngamia wanywe. Watu hawa ni wa mfano tu, lakini wenzao halisi ni wengi.

Kupona si kurudi ulivyokuwa

Wengi hudhani kwamba viini vikifa, mwili hurudi kama awali. La hasha. Kifua kikuu kinaweza kuacha makovu mapafuni. Mirija ya hewa hupanuka na kulegea, makohozi yakatuama humo, na mgonjwa akawa anakohoa kila mara. Sehemu nyingine ya pafu husinyaa. Uharibifu ukiwa mkubwa, hata moyo huelemewa kwa kusukuma damu kupitia mapafu yaliyokakamaa.

Kwa hiyo, kipimo cha makohozi hujibu swali moja tu: je, viini vingalipo? Hakisemi umebaki na pafu kiasi gani. Swali hilo hujibiwa na vipimo vingine: picha ya eksirei, kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine, na kile cha kutembea kwa dakika sita huku oksijeni ya damu ikipimwa kabla na baada. Hiki cha mwisho hakihitaji mashine kubwa. Kinahitaji njia tambarare, saa, na kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Ikiwa umetibiwa kifua kikuu na bado unaishiwa pumzi, mwombe daktari akupime hivyo.

Hali ni hiyo hiyo kwa maradhi mengine: kiharusi, kifafa kisichotulia, figo zilizoharibika, vali za moyo zilizodhuriwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, au ule uvimbe wa maji wa ini na mapafu unaoletwa na mnyoo wa mbwa, ambao Turkana ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani.

Karatasi yako iseme nini?

Hapa ndipo wagonjwa wengi hukwama, na sisi madaktari tuna sehemu yetu ya kufanya. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha utaratibu wa kueleza afya ya mtu kwa kutazama anachoweza na asichoweza kufanya, wala si jina la ugonjwa pekee. Jina la ugonjwa halimwelezi karani hali yako. Watu wawili wenye ugonjwa mmoja huweza kutofautiana kabisa, mmoja akilima na mwingine akishindwa hata kuvaa viatu.

Linganisha barua hizi mbili. Ya kwanza: "Mgonjwa huyu alitibiwa kifua kikuu. Apumzike." Ya pili: "Mgonjwa huyu alimaliza dawa za kifua kikuu miezi kumi na minne iliyopita. Eksirei yaonyesha makovu makubwa katika pafu la kushoto. Akitembea mita mia moja kwenye tambarare hulazimika kusimama. Hawezi kubeba mtungi wa lita ishirini. Hali hii haitarajiwi kubadilika. Anaweza kufanya kazi ya kuketi kwa saa chache."

Barua ya kwanza ni ya kweli, lakini haimsaidii mtu. Ya pili ina mambo matano: ugonjwa, ushahidi, asichoweza, muda ambao hali imedumu na inavyotazamiwa kuendelea, na anachoweza bado. Usiogope hilo la tano. Linafanya yale mengine yaaminike, na laweza kukupatia kazi nyepesi badala ya kufutwa.

Mwenye ajira

Tuanze na mlinzi wa Kakuma. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema mfanyakazi aliyetumika kwa miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa: siku zisizopungua saba kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili. Mkataba waweza kutoa zaidi, lakini si pungufu. Cheti kinachotakiwa chaweza kutiwa sahihi na daktari au na msimamizi wa zahanati. Kwa hiyo aliye mbali na hospitali kubwa asikose haki yake kwa kudhani ni lazima afike Lodwar.

Siku kumi na nne ni chache mno kwa ugonjwa wa muda mrefu. Je, zikiisha, mwajiri anaweza kukufukuza papo hapo? Hapana. Sheria hiyo hiyo yamtaka, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua, na asikilize majibu yake. Nenda kwenye kikao hicho na ile barua ya pili, na uombe kwa maandishi upewe kazi inayolingana na nguvu zako.

Ikiwa ugonjwa umetokana na kazi yenyewe, kuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007. Madai ya ajali hutakiwa kuwasilishwa katika muda wa miezi kumi na miwili. Kwa aliyepoteza uwezo wote wa kufanya kazi daima, fidia hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96. Mjulishe mwajiri mapema, kwa maandishi, na ubaki na nakala.

Aliyechangia

Mwalimu wetu wa Lodwar ana njia zaidi. Sheria ya Pensheni huruhusu mtumishi wa umma kustaafu kwa sababu ya afya ikiwa ushahidi wa daktari waonyesha hawezi tena kutekeleza majukumu yake na hali hiyo yaelekea kuwa ya kudumu. Walio katika mpango wa michango ulioanza Januari 2021 waulize masharti ya mpango huo. Ushauri wangu: usiandike barua ya kujiuzulu kwa uchovu au hasira kabla hujauliza habari za kustaafu kwa sababu ya afya. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake ni fedha za maisha.

Mlinzi naye, ikiwa alikatwa michango ya NSSF, anaweza kudai mafao ya kutojiweza, ambayo hulipwa hata kabla ya umri wa kustaafu kwa mwanachama aliyethibitishwa na madaktari kuwa na ulemavu wa kudumu. Lakini achunguze kwanza kama mwajiri aliwasilisha fedha alizomkata. Hakikisha hilo ukiwa bado mzima.

Asiye na mwajiri wala akiba

Sasa tumfikie mfugaji wa Lokiriama, ambaye fomu nyingi hazikumfikiria. Fomu yauliza: "Mwajiri wako ni nani?" Hana. Lakini kazi anayo, na imemshinda. Daktari aiandike kazi hiyo kama ilivyo: kuteka maji, kufuata mifugo malishoni, kujenga boma. "Hawezi kazi nzito" haimtoshi.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, yasema Serikali itawapa hifadhi ya jamii watu wasioweza kujikimu. Hifadhi hiyo ina njia mbili ambazo familia za Turkana zimezijua. Ya kwanza ni Inua Jamii, ambayo huwalipa wazee, wanaolea mayatima, na wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ulemavu mkubwa hapa maana yake ni mtu anayehitaji kutunzwa wakati wote. Mfugaji anayeishiwa pumzi lakini anajihudumia mwenyewe anaweza kuachwa nje.

Ya pili ni ule mpango wa fedha za kukabiliana na njaa, HSNP, ulioanza mwaka 2008 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Katika awamu ya kwanza, moja ya njia za kuchagua familia ilikuwa kuhesabu wategemezi nyumbani, na mgonjwa wa muda mrefu alihesabiwa pamoja na watoto, wazee na walemavu. Hilo lilikuwa jambo la maana, kwa sababu liliukubali ugonjwa wa mtu mmoja kuwa mzigo wa boma zima. Awamu zilizofuata zilibadili namna ya kuchagua. Basi uandikishaji unapofanywa, hakikisha mgonjwa ametajwa, hata kama amelala ndani na hakufika barazani.

Kuna pia kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Wengi hudhani ni ya wasioona na waliokatwa miguu tu. Sivyo. Magonjwa sugu yanayoendelea kumdhoofisha mtu yamo katika makundi yanayotathminiwa. Mwalimu aliye na kadi hiyo aweza kuomba cheti cha kusamehewa kodi ya mapato, ambacho kwa Amri ya 2010 kilihusu shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Mfugaji kadi humtambulisha kwa ofisi zinazotoa misaada na vifaa.

Hatua za kufuata

1. Kusanya kadi zote za kliniki, picha na matokeo. Tangu mapatano ya amani ya Lokiriama ya 1973 kati ya Waturkana na Wamatheniko, wafugaji wa huko wamezoea kuvuka kuelekea Moroto kutafuta malisho, na wengine hutibiwa huko. Kadi ya Uganda nayo ni ushahidi. Angalia kama jina ni lile lile la kitambulisho.

2. Pata barua yenye yale mambo matano.

3. Omba kutathminiwa na jopo la madaktari katika hospitali ya Serikali iliyoidhinishwa. Uliza kwanza siku ambayo jopo hukutana, usije ukapoteza nauli.

4. Peleka fomu yenye mihuri kwa Baraza, katika ofisi yake ya kaunti au kupitia eCitizen.

5. Jiandikishe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Ina mfuko wa huduma za msingi, wa bima, na wa dharura na magonjwa sugu. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwa maswali. Jibu kwa ukweli, na utaje kwamba anayetegemewa ni mgonjwa.

6. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi kilichokosekana ni mstari mmoja au muhuri mmoja, na unaweza kurudi.

Wewe msomaji wa mjini, huenda mgonjwa si wewe bali ni ndugu yako kijijini. Usimtumie fedha za dawa pekee. Mjazie ile fomu ya eCitizen kwa simu yako, muulizie siku ya jopo, na umlipie safari moja akiwa na karatasi zote mkononi. Safari tatu zisizo na karatasi kamili humaliza mbuzi na kumrudisha nyumbani mikono mitupu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutatazama mazoezi ya kupumua yanayowasaidia waliobaki na makovu ya kifua kikuu.