Zilzala: Qadari ya Mungu na Wajibu wa Mja

Kila inapotokea zilzala katika nchi ya Kiislamu, husikika mabarazani mwetu maneno mawili. Wengine husema, "Ni adhabu." Wengine husema, "Ni qadari, hapana la kufanya." Ama neno la kwanza, kuwahukumu maiti wa watu si kazi yetu. Ama la pili, nusu yake ni kweli na nusu yake ni uvivu. Na hilo ndilo somo letu.

Zilzala, yaani mtetemeko wa ardhi, ni nini? Gamba la dunia limegawanyika mapande makubwa ya mwamba, nayo husukumana polepole miaka na miaka. Mwamba huvumilia mpaka usiweze tena, ukakatika na kuteleza, na mtikisiko ukaenea pande zote. Wataalamu wazijua sehemu zenye hatari, lakini hapana ajuaye siku wala saa. Basi atakaye kujilinda hana budi kujilinda kabla.

Tazama mji wa Agadir, Moroko. Usiku wa tarehe 29 Februari 1960, ndani ya Ramadhani, ardhi ilitikisika kwa sekunde chache tu. Kipimo chake hakikufika 6, na zilzala ya namna hiyo haihesabiwi kuwa kubwa. Hata hivyo walikufa watu baina ya 12,000 na 15,000, yapata thuluthi ya wakazi. Kwa nini? Kwa sababu chimbuko lake lilikuwa karibu na uso wa ardhi, chini ya mji wenyewe, na nyumba nyingi zilikuwa za mawe yaliyoshikwa kwa udongo, hazina cha kuzifunga. Lililoua ni kuta na dari. Baada ya msiba huo ziliandikwa kanuni za ujenzi, na mji mpya ukajengwa kusini ya ule wa kale.

Sasa linganisha na Simeulue, kisiwa cha Waislamu katika Indonesia. Mwaka 1907 tsunami iliwaua watu wengi huko. Walionusurika waliwarithisha watoto wao neno moja, "smong": ardhi ikitikisika kwa nguvu kisha bahari ikakupwa ghafula, usingoje, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 ilitokea karibu nao zilzala ya kipimo cha 9.1, na wimbi likawafikia kwa dakika chache. Katika watu zaidi ya 70,000 walikufa 7. Katika Indonesia nzima walikufa zaidi ya 160,000. Bahari ni ile ile. Tofauti ni elimu iliyorithiwa na kufuatwa.

Wala tusidhani mambo haya ni ya mbali. Wimbi lile lilivuka bahari likaua watu wapatao 300 Somalia, na mtu mmoja hapa kwetu, Watamu. Na zilzala ya Subukia ya tarehe 6 Januari 1928, yenye kipimo kipatacho 6.9, ilikuwa ndani ya Kenya hii hii.

Atauliza mtu: Je, kujihadhari si kuikimbia qadari? Swali hili Abu Ubayda alimwuliza Sayyidna Umar, alipoazimu kurudi asiingie Sham kwenye tauni. Akaja Abdulrahman bin Auf na hadithi ya Mtume iliyoafikiana na rai ya Umar, naye akarudi na watu wake.

Basi yatupasa haya. Kwanza, ajengaye asipunguze simiti wala vyuma, asitumie mchanga wa baharini, kwani chumvi hula chuma, wala asiongeze ghorofa juu ya msingi usioiweza. Pili, ardhi ikitikisika, inama, ingia chini ya meza imara, ujishike, usikimbilie ngazi. Tatu, aliye pwani akiona maji yamekupwa si kwa wakati wake, apande juu, wala asirudi baada ya wimbi la kwanza, kwani la pili laweza kuwa kubwa zaidi. Nne, tuwafundishe watoto haya majumbani na madrasani, kama walivyofanya watu wa Simeulue.

Na mwenye kupunguza simiti, kisha nyumba ikawaangukia wapangaji wake, asije akasema, "Ni qadari." Mtikisiko ni wa Mwenyezi Mungu, simiti iliyopunguzwa ataulizwa yeye.

Wallahu aalam.