Mwanamke wa Lushoto na kiti cha mwenyekiti wa kijiji

Siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, katika vijiji vya Lushoto kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, akina mama ndio wengi. Wao ndio wanaopandisha mawe ya msingi wa darasa kilimani, wanaosomba maji ya kuchanganyia zege na wanaopikia mafundi. Kazi ikiisha, kikiitwa kikao cha kujadili michango iliyobaki, benchi la mbele linajaa wanaume, na anayeendesha kikao ni mwanaume. Hali hiyo si ya Lushoto peke yake. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, wanawake walikuwa takriban asilimia 2 tu ya wenyeviti wote wa vijiji waliochaguliwa Tanzania Bara. Kwenye vitongoji hawakufika hata asilimia 7.

Nchi hiyohiyo inaongozwa na mwanamke, Rais Samia Suluhu Hassan, tangu tarehe 19 Machi 2021, na Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2020 lilikuwa na wanawake zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo juu wanawake wanaonekana, chini hawaonekani. Na chini ndiko yanakoamuliwa mambo yanayomgusa mama wa Mlola au Mtae kila siku: kituo cha maji kiwekwe kitongoji gani, mpaka wa shamba la mjane uko wapi, mchango wa madarasa uwe shilingi ngapi na nani asamehewe. Ndiyo maana makala haya yanakaa zaidi kijijini.

Viti maalum na mipaka yake

Lakini tuanze na viti maalum, vilivyotengwa kwa wanawake, kwa kuwa ndivyo vinavyojulikana zaidi. Mwaka 1985 Bunge lilikuwa na viti 15 vya namna hiyo. Vikaongezwa kidogo kidogo, na tangu mabadiliko ya Katiba ya 2005, ibara ya 66 inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge. Baada ya uchaguzi wa 2020 viti hivyo vilikuwa 113. Hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge. Kwenye halmashauri za wilaya nako kuna madiwani wanawake wa viti maalum, theluthi moja, na hivyo ndivyo ilivyo Lushoto na Bumbuli.

Mwananchi hapigi kura kumchagua mbunge au diwani wa viti maalum. Jina lake linatoka kwenye orodha ya chama, kwa hiyo vita vyake vyote viko ndani ya chama na katika jumuiya ya wanawake ya chama hicho. Akishaingia, anazungumza na kupiga kura kama wenzake, lakini kuna milango ambayo haimfungukii. Katiba inataka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo uko chini ya mbunge wa jimbo. Diwani wa viti maalum naye hana kata ya kusema hawa ndio walionituma.

Sisemi viti maalum vifutwe. Bila hivyo, Bunge na mabaraza ya madiwani yangerudi kuwa ya wanaume karibu watupu, na wanawake wengi wamevitumia kujifunza kazi. Mary Chatanda aliingia bungeni kwa viti maalum, kisha akachaguliwa mbunge wa Korogwe Mjini mwaka 2015, hapo chini tu ya milima yetu. Ummy Mwalimu alikaa viti maalum kuanzia 2010, akashinda jimbo la Tanga Mjini mwaka 2020. Beatrice Shellukindo alikuwa mbunge wa jimbo la Kilindi kuanzia 2005 hadi 2015. Mkoa wa Tanga basi unajua kumchagua mwanamke. Lakini majimbo yetu matatu, Lushoto, Mlalo na Bumbuli, yalipeleka wanaume watupu bungeni mwaka 2010, 2015 na 2020. Wagombea wa jimbo hutafutwa kati ya watu waliokwisha kujulikana kwa kazi, na kama wanawake hawajawahi kuwa wenyeviti wa kijiji wala madiwani wa kata, orodha ya wanaojulikana itabaki ileile.

Nafasi ambazo sheria imekwisha kukupa

Watu wengi wanadhani uongozi huanza na fomu ya uchaguzi. Kabla ya fomu kuna nafasi ambazo sheria imekwisha kuzitengea wanawake, na mara nyingi zinajazwa kwa majina tu, bila mwenye jina kuitwa kwenye kikao.

Iliyo muhimu kuliko zote kwa Usambara, ambako ardhi ni finyu na mashamba yamebanana kwenye miteremko, ni Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema baraza hilo liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Wajumbe wanapendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu. Kijiji kikiamua kuhakiki na kupima mashamba, kamati ya uhakiki inatakiwa kuwa na watu wasiopungua 9, wanawake wasiopungua 4. Sheria hiyohiyo inasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Mjane anayesukumwa na shemeji zake kutoka kwenye shamba la kahawa au la miwati anahitaji mtu ndani ya baraza anayekijua kifungu hicho. Kama hukumbuki majina ya wanawake watatu wa baraza la kijiji chako, muulize mtendaji wa kijiji. Ni haki yako kujua. Kama hawapo, baraza halijakamilika kisheria, na hilo ni jambo la kusimamia kwenye mkutano.

Kuna pia halmashauri ya kijiji yenyewe, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ambayo sheria inatenga sehemu ya nafasi zake kwa wanawake. Kamati zake ni ya fedha na mipango, ya huduma za jamii, na ya ulinzi na usalama. Ushauri wangu kwa mama anayeingia halmashauri kwa mara ya kwanza: usikubali kupelekwa kamati ya huduma za jamii kwa sababu tu ni mwanamke. Omba kamati ya fedha na mipango. Huko ndiko kijiji kinakopanga kipi kianze na kipi kisubiri. Ongeza kamati ya shule na chombo cha watumia maji kinachosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini. Mwanamke aliyekuwa mweka hazina wa maji kwa miaka mitatu, vitabu vyake vikiwa safi, ana jambo la kuonyesha siku ya kampeni kuliko ahadi yoyote.

Tunajua kwamba uwepo wa mwanamke kwenye kiti hubadilisha maamuzi. India ilibadilisha katiba yake mwaka 1993, theluthi moja ya nafasi za uenyekiti wa mabaraza ya vijiji ikatengewa wanawake kwa zamu. Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo walichunguza vijiji vya West Bengal na Rajasthan, na mwaka 2004 wakachapisha walichokiona: kwenye vijiji vilivyoongozwa na wanawake, fedha nyingi zaidi zilikwenda kwenye maji ya kunywa, jambo ambalo wanawake wa huko walikuwa wakililalamikia zaidi.

Na hapa kwetu tunajua kinachotokea mkulima asipoulizwa. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha Mlalo mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Familia zililazimishwa kulima matuta. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iliangukia jembe la mwanamke, na amri ilitoka kwa watu wasiolishika jembe. Wanawake walikuwamo katika upinzani ulioenea hadi mradi ukaachwa mwaka 1957.

Mkutano mkuu wa kijiji

Kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Hahitaji kadi ya chama wala ruhusa ya mume. Mkutano unatakiwa kuitwa angalau mara moja kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Tatizo la kwanza ni siku na saa. Mkutano ukiwekwa siku ya gulio la Soni au Lukozi, wanawake watakuwa sokoni na kabichi na karoti zao. Ukiwekwa jioni, watakuwa jikoni. Andikeni barua fupi kwa mtendaji, isainiwe na akina mama kumi au ishirini, mkiomba siku isiyo ya gulio na saa ya asubuhi baada ya kazi za kwanza. Barua iliyopokelewa na kugongwa mhuri ni vigumu kuipuuza.

Tatizo la pili ni kunyamaza. Wengi wanaogopa kwamba Kiswahili chao kimechanganyika na Kisambaa, au kwamba wataambiwa wamewavunjia wazee heshima. Zoezi ni hili: mkutano wa kwanza uliza swali moja tu, fupi, lenye tarakimu. Kwa mfano: "Tulichanga shilingi ngapi za zahanati, na zimebaki ngapi?" Hilo halimtukani mtu. Mkutano wa pili, ulizeni wawili. Vikundi vya kuweka na kukopa ni mahali pazuri pa kujizoeza, maana huko mwanamke tayari anaendesha kikao, anaandika muhtasari na kumdai mwenzake hadharani bila kugombana.

Kujiandaa kugombea

Uchaguzi wa vijiji uliopita ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Ni wa kila miaka mitano, hivyo unaofuata unatarajiwa 2029. Muda upo, ila unakwisha haraka kwa mtu ambaye hajaanza.

Kwanza, daftari. Watu wengi hupotea hapa. Kadi ya mpiga kura inayotolewa na Tume ya Uchaguzi ni ya kumchagua rais, wabunge na madiwani. Uchaguzi wa kijiji una orodha yake, inayoandikishwa kwenye kitongoji kwa siku chache kabla ya uchaguzi. Mwaka 2024 ilikuwa kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Asiyeandikwa humo hapigi kura ya kijiji, hata awe na kadi ya Tume.

Pili, sifa. Mgombea awe raia, mkazi wa kijiji au kitongoji hicho, mwenye umri usiopungua miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na kipato halali, na awe mwanachama aliyedhaminiwa na chama cha siasa. Kilimo ni kipato halali. Cheti cha sekondari hakitajwi.

Tatu, chama. Tanzania haina mgombea binafsi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki. Chochote utakachochagua, jiunge mapema na uhudhurie vikao vya tawi, maana kura za maoni hupigwa na watu waliozoea kukuona. Jumuiya ya wanawake isiwe ukumbi wa kupika na kuimba siku ya mgeni tu. Tumieni vikao vyake kukubaliana ni mama yupi atasimama kitongoji gani, ili msigawane kura.

Nne, fomu. Mwaka 2019 wagombea wengi, hasa wa upinzani, walienguliwa kwa dosari za fomu, hadi vyama kadhaa vikajitoa. Mwaka 2024 malalamiko yalisikika tena. Uchaguzi ambao majina yanakatwa kabla ya kura unamuumiza mwanamke mara mbili, kwa sababu ndiye aliyehangaika zaidi kufika hapo. Jikinge kwa kadiri unavyoweza: andika jina lilelile lililo kwenye orodha ya wapiga kura, jina la chama kwa kirefu, kazi yako kwa neno lililo wazi, na hakikisha mahali pa saini na mhuri hapakosi kitu. Rudisha fomu siku za mwanzo, baki na nakala. Ukienguliwa, muda wa pingamizi na rufaa ni mfupi sana, kwa hiyo mjue mapema msimamizi msaidizi wa uchaguzi na mahali Kamati ya Rufani inapokaa.

Fedha ndiyo inayowakatisha tamaa wengi. Kampeni ya kitongoji haihitaji gari. Inahitaji miguu, na nyumba kwa nyumba mlimani wanawake wanaijua. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, ni ya biashara. Usiiguse kwa kampeni, utakiacha kikundi kwenye deni.

Maneno machafu yatakuja: hana mume, au mume wake amemshindwa. Ongea na watu wa nyumbani kabla ya kuchukua fomu, wasisikie habari yako gulioni. Likitokea tishio au kushikwashikwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na kiongozi akikutaka kimapenzi ili jina lako lipite, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007. Simu ya TAKUKURU, taasisi inayosimamia sheria hiyo, ni 113, haina malipo.

Ukishinda, wiki ya kwanza omba makabidhiano kwa maandishi: muhtasari wa vikao vya nyuma, vitabu vya stakabadhi, taarifa ya benki, orodha ya mali za kijiji na majina ya wajumbe wa kila kamati. Usisaini kupokea kitu ambacho hujakiona. Kisha pangeni na mtendaji tarehe za mikutano mikuu minne ya mwaka, mzibandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na kuzitangaza msikitini na kanisani, siku ya gulio ikiachwa.