Mafunzo Niliyopata Kwenye Ofisi za Bima ya Gari, Houston

Ukalimani unanipeleka mara kwa mara kwa mawakala wa bima, nikiwa na wenzetu waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi. Houston ni mji wa magari. Anayeingia zamu ya usiku kiwandani hana njia nyingine ya kufika. Ndiyo maana bima inakaa kwenye bajeti ya nyumba karibu na kodi, na kwa yule ambaye kampuni zinamhesabu kuwa dereva wa hatari, inaumiza kweli.

1. Ugeni peke yake unatosha kukupandishia bei.

Mzee aliyeendesha lori miaka mingi kati ya Bukavu na Uvira, mbele ya kompyuta ya bima ni sawa na kijana aliyepata leseni jana. Hana rekodi ya udereva Marekani, hajawahi kukata bima, hana historia ya mikopo. Texas, jimbo letu, inaziruhusu kampuni kutumia historia ya mikopo kupanga bei, California imekataza. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, mimi sijagonga hata mbuzi, mbona nalipishwa kama mkosaji?" Naona lalamiko lake ni la haki. Nilichoweza kumsaidia ni kuzunguka naye kampuni kadhaa, kwa sababu bei ya mtu yule yule na gari lile lile hutofautiana mno.

2. Kiwango cha sheria hakitoshi.

Texas inadai bima ya 30/60/25: dola 30,000 kwa kila uliyemuumiza, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali uliyoharibu. Gari lako mwenyewe halimo. Barabara za hapa zimejaa pikapu zinazouzwa dola 50,000 na zaidi. Ukiiharibu moja kabisa, kinachobaki unadaiwa wewe.

Kuna kinga nyingine mbili ambazo kampuni inalazimika kukupa, isipokuwa ukizikataa kwa maandishi: ile inayolipia matibabu yako na ya abiria wako bila kujali nani mwenye kosa, na ile ya kugongwa na mtu asiye na bima. Fomu za kukataa huchanganywa na karatasi nyingine, wakala anaonyesha kidole pa kutia saini, na mtu anasaini. Nimeona saini nyingi za namna hiyo, za watu wasiojua walichokikataa. Hili linaniuma kuliko mengine yote. Siku hizi simwachii mtu kalamu kabla sijamsomea ukurasa mzima.

3. Anayeendesha gari aandikwe kwenye bima.

Kijana wa miaka 18 akiandikwa bei inaruka, kwa hiyo familia humficha, au husaini kwamba ameondolewa kwenye bima. Aliyeondolewa akishika usukani, hata kwa kwenda dukani tu, akigonga, kampuni hailipi.

4. SR-22 ni cheti, na adui yake ni siku moja bila bima.

Watu huja wakisema wameambiwa "wanunue SR-22". Hainunuliwi peke yake. Ni cheti ambacho kampuni yako ya bima inakipeleka Idara ya Usalama wa Umma ya Texas, kuthibitisha kwamba una bima inayofikia angalau kiwango cha sheria. Hudaiwa kwa aliyefungiwa leseni baada ya kuendesha akiwa amelewa, au aliyehukumiwa mara ya pili kwa kuendesha bila bima. Ada ya kukipeleka ni ndogo, mara nyingi dola 15 hadi 25. Mzigo uko kwenye bima yenyewe, maana kampuni nyingine hupandisha bei sana na nyingine humkataa kabisa.

Cheti hicho kinatakiwa kwa miaka 2 tangu tarehe ya hukumu. Bima ikikatika katikati, kampuni inaiarifu idara, na leseni inafungwa tena. Kuirudisha kunaanzia ada ya dola 100. Baba mmoja ninayemfahamu alihama nyumba, benki ikambadilishia kadi, malipo ya mwezi yakagoma, na barua ya onyo ikaenda anwani ya zamani. Alijua siku aliyosimamishwa na polisi. Tangu hapo nawasihi wote wenye SR-22 walipe miezi 6 kwa mkupuo ikiwezekana, na wakihama, kampuni ya bima iwe ya kwanza kuambiwa.

Asiye na gari naye anaweza kukipata cheti hicho: ipo bima ya dereva asiyemiliki gari, na kwa kawaida ni nafuu.

5. Kukataliwa si mwisho.

Aliyekataliwa na kampuni zisizopungua 2 anaweza kuomba kupitia TAIPA, mpango wa Texas unaomgawia mtu kampuni ya kumpokea. Bei haimpendelei, na gari lake mwenyewe halikingwi, lakini anaingia barabarani kihalali.

6. Bei haikufuati nyumbani kukuambia imeshuka.

Tiketi au ajali kwa kawaida humwandama dereva miaka kama 3. Andika kwenye kalenda tarehe miaka hiyo inapotimia. Ikifika, usingoje wakala. Chukua karatasi ya bima ya sasa, zipigie kampuni tatu au nne, taja kinga zile zile kwa kila moja, na uandike bei wanazokupa. Ukiamua kuhama, bima mpya ianze kabla ya ile ya zamani kufungwa.