Kurudi Kwetu na Kujiona Mgeni



Watu wengi hujitayarisha kwenda ugenini, lakini ni wachache wajitayarishao kurudi kwao. Hudhani kwamba kurudi hakuna mafunzo, maana mtu akijua kijiji chake, ajua lugha, awajua ndugu zake. Walakini hapa Kabuku tumewaona vijana waliokaa miaka mingi Ulaya au Uarabuni wakishuka garini kwa furaha kuu, na baada ya siku chache wakawa kimya kama wageni. Tena wengine huondoka upesi, wasirudi. Yafaa basi tujifunze sababu yake, tukitazama mfano ulio karibu nasi.

1. Habari za Wazigua wa Somalia.

Katika karne ya 19 njaa kali iliishika nchi ya Uzigua. Watu wengi walipakiwa majahazini, wakauzwa utumwani katika pwani ya Benadir, wakalimishwa mashamba ya bonde la mto Shebelle. Wazee wao husimulia jinsi walivyotoroka wakiongozwa na mwanamke, jina lake Wanakhucha, wakikusudia kurudi kwao kwa miguu. Njia ilikuwa ndefu mno. Wakakaa katika misitu ya mto Juba, wakalima huko kizazi baada ya kizazi. Mithali yasema, mwacha asili ni mtumwa. Watu hawa walifanywa watumwa kweli, wala asili hawakuiacha, maana Kizigua kilidumu vinywani mwao.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, vita ikaenea. Ndipo wengine wakakimbilia Kenya, na wengine wakafika Tanzania, wakapokewa katika kambi ya Mkuyu, Handeni. Mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, katika wilaya hii hii, wakapewa ardhi ya kulima. Na baadaye wengi wakapata uraia.

2. Ugumu wa kurudi.

Kule Somalia walihesabiwa kuwa watu waliotoka kwingine; na hapa, katika nchi ya babu zao, waliandikwa kuwa wakimbizi kutoka Somalia. Lugha ilikuwa moja, lakini yao ilikuwa imepokea maneno ya Kisomali, na ya hapa imepokea mengi ya Kiswahili. Nchi waliyoiacha babu zao haikujua hata mkonge, maana mkonge uliletwa mwaka 1893, nao walikuwa wamekwisha kuchukuliwa zamani. Basi nchi ilikuwa ile ile, wala haikuwa ile ile.

3. Sababu yake.

Aendaye ugenini hutazamia mambo mageni, kwa hiyo huvumilia. Arudiye kwao hayatazamii, ndiyo maana humchoma zaidi. Moyo huitunza nyumba kama ilivyokuwa siku ya kuondoka. Kumbe watoto wamekua, wazee wamezikwa, njia zimehamishwa. Naye mwenyewe amegeuka kidogo kidogo pasipo kujua, katika kusalimu kwake, katika chakula chake, na katika kuhesabu saa. Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Marekani, John na Jeanne Gullahorn, waliandika kwamba moyo wa msafiri hushuka mara mbili: mara ya kwanza ugenini, na mara ya pili arudipo kwao. Lakini jambo hili ni la kale. Naomi aliporudi Bethlehemu kutoka Moabu, baada ya miaka kama 10, mji wote ulimshangaa, naye hakutaka tena kuitwa kwa jina lake la kwanza.

4. Yatupasayo.

Arudiye asianze kwa kulinganisha huku na huko. Kwanza awaendee wazee kuwasalimu, na wale waliofiwa wakati hakuwapo akawape pole. Aulize kabla ya kushauri. Tena asijihukumu akiona uzito moyoni. Huo si dalili ya kuwadharau wazazi wake, bali ni uchovu wa njia usioonekana.

Nasi wenyeji tusimwite Mzungu wala Mwarabu kwa mzaha, maana neno dogo humfukuza mtu kwao. Tusimhesabu kuwa mfuko wa fedha. Tumsimulie kwa utaratibu yote yaliyotokea, vifo na arusi, ukame na mavuno, hata apate kuufuata tena mwendo wetu. Nasi tumwulize aliyoyaona, tukasikilize mpaka mwisho. Kisha tumpe kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: mithali hii si ya ukali, ni ya heshima, kwa kuwa jembe humfanya mgeni kuwa mwenyeji. Wale wa Chogo hawakupewa maneno matupu ya kukaribishwa, walipewa ardhi. Naye apandaye na kuvuna mahali ameanza kuwa mtu wa mahali pale.

Maswali kwa walimu na wanafunzi wao:

1. Kwa nini kurudi kwaweza kuwa kugumu kuliko kwenda?
2. Wazigua wa Somalia waliitwaje kule, na waliandikwaje hapa? Jambo hili lafundisha nini?
3. Je, katika kijiji chenu yuko aliyerudi akakaa peke yake? Mtampa jembe gani?