Mshipa wa Shingo Baada ya Upasuaji wa Moyo

Mkazi wa Lambwe anayehitaji kubadilishiwa vali ya moyo, mara nyingi kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, husafiri mbali: Tenwek kule Bomet, au Nairobi. Baada ya upasuaji jamaa humkuta na mrija mwembamba shingoni. Wengi hudhani ni wa dawa tu. Mrija huo pia hupima shinikizo la damu inayorudi moyoni.

Kwa kawaida shinikizo hilo huwa kati ya 2 na 8, kwa milimita za zebaki. Likikaa juu, damu hurundikana nyuma ya moyo, figo hulemewa na mkojo hupungua. Wagonjwa wa namna hiyo huchelewa kupona, na baadhi hupoteza maisha. Likipanda ghafla, huenda damu imevuja na kuubana moyo. Hapo daktari hana muda wa kungoja. Hata hivyo namba moja haitoshi. Hutazamwa saa baada ya saa, pamoja na presha na mkojo.

Nyumbani hakuna mrija, lakini mizani ipo: wahamasishaji wa afya ya jamii walianza kupewa mwaka 2023. Mgonjwa apimwe asubuhi, kabla ya chai. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku 3, miguu ikivimba, au mshipa wa shingo ukituna akiwa ameketi wima, aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri tarehe ya kliniki.